Mama Mmoja wa Kidato cha Tatu C

Geita, 12 Agosti 2024

Shangazi yangu mpendwa, shikamoo.

Swali ambalo nimeshindana nalo tangu nikiwa chuoni, na ambalo sikuwahi kukueleza kwa kuhofia ungelicheka, ni hili: mwalimu anapomfundisha mtoto kusimama peke yake, humpa kitu au humpokonya? Niliandika tasnifu juu yake nikapata alama nzuri, jambo linalonifanya nishuku kwamba sikulielewa. Sasa limenifuata hadi darasani, na safari hii lina mtu ndani yake.

Nilikwambia kwa simu kwamba nimepewa Kidato cha Tatu C. Mengine nilikuficha. Walimu wa Kiswahili walionitangulia waliomba wenyewe kubadilishiwa darasa. Madawati ya nyuma yamegeuzwa kuelekea dirishani, ili wanaokaa huko waone kilima cha wachimbaji na kujua, kwa kutazama vumbi tu, shimo gani limepata mawe. Siku yangu ya kwanza walisimama wote, wakatoa shikamoo moja nzuri kama ya kwaya, wakaketi, wakalaza vichwa juu ya madawati. Wote. Nilifundisha visogo kipindi kizima. Nilipouliza kama kuna swali, mmoja akasema bila kuinua kichwa, "Mwalimu, wewe unaondoka lini? Tujipange."

Sikuondoka, kwa sababu zisizo za kishujaa: nilikuwa nimekwisha kupaka rangi chumba changu. Baadaye kichwa kimoja kiliinuka, kisha vingine. Mwezi wa sita waliniletea kiti kizima kutoka darasa jingine, nami sikuuliza walikipataje. Nilianza kuamini kwamba nimewapata.

Kisha ukaja mtihani wa ndani. Niliwapa mada ya insha mapema ili wajiandae: "Siku nisiyoisahau". Jumamosi nikaketi kusahihisha. Karatasi ya kwanza ilinifurahisha mno. Mama mmoja wa mwaloni Nkome, kwenye ufuko wa wavuvi, ameanika dagaa mchangani; wingu likatokea ziwani ghafla; wachuuzi wenzake, ambao kwa ushindani wa biashara hawakuwa wakimsalimu, wakaacha dagaa wao walowe wakaokoa kwanza wa kwake, kwa kuwa alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Karatasi ya pili ilikuwa na mama huyohuyo. Ya tatu pia. Kufikia mchana nilikuwa nimegundua kwamba darasa zima lina mama mmoja, anayeanika dagaa Nkome na kunyeshewa na mvua moja. Hata Swaleh, ambaye mama yake ana duka la vitenge hapa mjini, na ambaye sidhani kama amewahi kumwona dagaa isipokuwa sahanini!

Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nikaacha kucheka. Insha ni ya Fikirini, kijana mkimya aliyekulia Nkome. Leo asubuhi nilipouliza nani aliwagawia wenzake, Doto akasimama. Huyu ni binti wa maneja wa duara, yaani msimamizi wa shimo moja kule kilimani na wa mgao wa wachimbaji wake. Darasani nako humwita Maneja. "Ni mimi, mwalimu," alisema. "Wengine waache."

Kanuni ya shule haina mlango wa nyuma: anayeongoza udanganyifu katika mtihani hufukuzwa. Mkuu wa shule, Mwalimu Herman, anataka alama na karatasi Ijumaa hii. Doto akifukuzwa hatasajiliwa kwa mtihani wa taifa mwakani, na nafasi yake kwenye mashine za kusaga mawe iko tayari. Nikimtetea, naona namtetea mtu aliyemwibia Fikirini. Nikimwacha aende, naona nimekosea, ila siwezi kusema wapi.

Nishauri.

Mwanao,
Asteria


Kambarage, Shinyanga, 14 Agosti 2024

Asteria mwanangu,

Marahaba. Kondakta amenikabidhi barua yako ikinuka samaki wa abiria mwingine, kwa hiyo nimemsoma huyo mama wa Nkome katika hali yake halisi. Nimecheka hadi kuku wakatawanyika.

Sasa nisikilize, kwa kuwa wewe mtoto wa kaka yangu umesoma mpaka umesahau kuuliza. Kurasa zote hizo, na hakuna mahali unaponiambia Doto alisema kwa nini. Umemwuliza nani aligawa. Mbona sababu hukumwuliza? Mtoto anayeiba huficha. Hawa wameandika kitu kimoja, wakakikabidhi kwa mtu mmoja, akisome chote kwa mpigo. Huo ni wizi gani? Hata anayeniibia mayai ana akili kuliko hiyo.

Karatasi usizifiche. Mpelekee mkuu wako zote, lakini mpelekee wakati wa chai. Asubuhi kichwani mwake kuna barua za halmashauri. Simjui, ila kiti hicho nimekikalia nikakichoka. Wala usiende kumlilia. Nenda na pendekezo ulilokwisha kulifikiria, ili kazi yake iwe kukubali au kukataa tu.

Basi hilohilo linaleta michembe, viazi vyetu vikavu. Usiile peke yako chumbani kwako penye rangi mpya. Wape hao watoto, ukae pembeni uwatazame.

Ng'wanone, mwanangu, usijitese.

Shangazi yako,
Paskazia


Geita, 20 Agosti 2024

Shangazi, shikamoo.

Michembe ilifika, nami nilitii. Niliweka mfuko juu ya meza yangu nikasema ni wenu, kisha nikajifanya nasahihisha. Nilitegemea vurugu. Doto alikuja mbele, akaipanga mafungu kwenye dawati, akayatazama, akahamisha vipande kutoka hapa kwenda pale kwa uangalifu wa mwuza dawa, kisha akaligeuzia dawati mgongo. Akasema, "Fikirini, chagua." Fikirini akachagua kwanza. Wengine wakafuata bila kusukumana. Doto akachukua lililobaki.

"Kwa nini Fikirini kwanza?" niliuliza.

"Ndiye aliyepasua mwamba, mwalimu."

"Mwamba gani?"

"Wa insha."

Nikamwambia akae, anieleze tangu mwanzo. Walipopata mada, walikutana penye bomba la maji, kila mmoja akasimulia siku yake. Nyingi zilikuwa mawe matupu, ndivyo alivyosema. Swaleh alisimulia jinsi alivyoumwa na mbuzi. ("Aliniuma kweli!" Swaleh akadakia kutoka nyuma. "Mbuzi ndiye asiyesahau!" mwenzake akamjibu, na darasa likaanguka kicheko.) Ya Fikirini ndiyo iliyokuwa na dhahabu. Na kilimani, walioshuka pamoja hugawana pamoja. Yule ambaye nyundo yake imekutana na mshipa wa dhahabu hapewi zaidi ya wenzake. Haki yake ni kuchagua kiroba chake kwanza. Anayetia jiwe mfukoni kabla ya mgao hufukuzwa, na hakuna duara jingine litakalompokea.

"Sasa mwalimu," Doto akaniuliza, "Fikirini angejiwekea peke yake, tungemwita nani?"

"Mngemwita mwandishi," nilijibu.

Alifikiri kwa heshima kabisa. "Sisi tungemwita mwizi."

Nikamgeukia Fikirini. Nilitaka, nakiri, aniambie ameonewa. "Na wewe ulichagua nini?"

"Jina, mwalimu. Nilisema jina la mama lisigawanywe."

Nilirudia karatasi. Katika zote ni "mama yangu" tu. Katika ya Fikirini peke yake anaitwa Mageni.

Kwa Mwalimu Herman nilikwenda wakati wa chai. Alianza kuzisoma akiwa amesimama, halafu akaketi. "Huyu mama amenyeshewa sana," alisema. Si mtu mkali, Shangazi. Ni mtu aliyechoka kuitwa wilayani kujieleza kwa makosa ya wengine. Alisema bodi ya shule inakutana mwisho wa Septemba, naye hana budi kuipelekea kitu: ama barua ya kumfukuza Doto, ama ushahidi kwamba kila mwanafunzi wa darasa hili anaweza kuandika kilicho chake. Nikapendekeza waandike upya. Akakubali, kwa sharti kwamba asiwe mimi msomaji. "Wewe umeshawapenda," alisema, kana kwamba ni ugonjwa.

Nilimtajia mwalimu mkuu mstaafu wa Shinyanga. Nilimwambia pia kwamba ni shangazi yangu. Alisema walimu wastaafu hawana shangazi wala mpwa linapokuja suala la kusahihisha.

Kwa hiyo kila mmoja atakuandikia barua. Nimewaeleza wazi: zikipatikana mbili zinazofanana, Doto anaondoka. Doto akanyoosha mkono. "Hata salamu zisifanane, mwalimu?" Nikajibu, "Hata salamu," nikidhani ananitania.

Nisamehe kwa mzigo huu.

Asteria


Geita, 3 Septemba 2024

Kwa Bibi Mwalimu Paskazia,

Habari za jua la huko Shinyanga? Nimeanza hivyo kwa sababu shikamoo ilikuwa imeshachukuliwa. Lakini ninayo moyoni, uipokee humohumo.

Jina langu ni Doto. Pacha wangu, Kulwa, aliacha shule mwaka jana, yuko kwenye mawe. Wananiita Maneja kwa utani, maana msichana haingii duarani. Nikisogea karibu na shimo wazee wanafoka, "We mtoto, utafukuza mshipa!" Kwa hiyo nakaa juu namwangalia baba akigawa. Baba anapanga viroba, anavigeuzia mgongo, watu wanachagua, yeye anachukua cha mwisho. Siku moja nikamwuliza, baba, je kikibaki kibovu? Akasema, "Ndiyo maana navipanga vizuri."

Mimi nimebaki na kuandika juu yangu mwenyewe. Hakuna aliyeitaka hiyo.

Wanasema nikifukuzwa nitaenda karasha. Karasha ni mashine ya kusagia mawe. Inapiga kelele mpaka ukilia mwenzako anadhani unaimba. Mama yangu mdogo yuko huko, ukimwita hata akiwa nyumbani anageuka baada ya muda. Sitaki kwenda, Bibi, sikufichi. Shuleni kuna kipindi cha baada ya chai ambapo mwalimu wetu anasoma kitu kwa sauti na hata wale wa dirishani wanageuka. Nataka niwepo hapo mpaka mwisho.

Mwalimu anasema kila mtu aandike chake. Nimejaribu. Nikianza kuandika changu namsikia Swaleh akinicheka, na Fikirini anasema hapo bado, ongeza. Nikifuta namsikia mwingine anasema usifute. Sijui changu kinaanzia wapi. Ila barua hii nimeiandika kwa mkono wangu na hakuna aliyeiona.

Kama kuna kosa, ni la kwangu.

Mimi mjukuu wako,
Doto


Kambarage, Shinyanga, 15 Septemba 2024

Asteria mwanangu,

Nimemaliza. Nimezisoma barazani, nikazisoma tena jikoni, na mboga imeungua kwa sababu ya Swaleh na mbuzi wake. Mwambie aliyemcheka kwamba alikosea. Mbuzi yule ana tabia kuliko watu wengi niliowahi kufanya nao kazi.

Fikirini ameniandikia juu ya injini ya mtumbwi inayogoma kila akipanda mtu mwenye deni la nauli. Binti anayeitwa Mwaisha ameandika juu ya cherehani, barua safi, imenyooka kama mshono wenyewe. Hakuna mbili zinazofanana. Nilitafuta kwa bidii, maana nilikuwa nimeahidi.

Sasa nikwambie jambo ambalo halimo katika taarifa niliyomwandikia mkuu wako. Barua ya kwanza inaniambia shikamoo. Ya pili, Tumsifu Yesu Kristo. Ya tatu, assalamu alaikum, nayo imeandikwa na mtoto anayeitwa Gregory. Kuna mwangaluka, kuna mwadila, kuna "hodi hapo Kambarage", kuna anayeniomba radhi kwamba salamu zimekwisha na kwa hiyo anaingia moja kwa moja. Mwanangu, darasa zima la watoto wenye adabu haliwezi kwa bahati tu kumnyima shikamoo mwanamke wa umri wangu, ikabaki na mmoja. Na mada vilevile. Hakuna hata wawili walioandika juu ya mvua, au mpira, au mama. Kuna mtu aliyekaa akawagawia, na naona ni yuleyule, maana ndiye aliyebakiwa na mada ya mwisho.

Nilikaa na jambo hili siku nzima. Mwishowe nikamwandikia Mwalimu Herman hivi: "Nimeridhika kwamba kila barua imeandikwa na aliyeitia saini, na kwamba hakuna mbili zinazofanana, hata kwa salamu." Kila neno hapo ni kweli, sentensi zao zinatofautiana kama sura. Kama walipanga kabla ya kuandika, sikuulizwa. Wewe ukiona inafaa kumwambia, mwambie. Sitakasirika.

Nimeanza kuwajibu, kila mmoja barua yake. Muda mrefu sijawa na kazi iliyonifanya niamke mapema kwa hamu. Wabeja, asante sana, mwanangu.

Paskazia


Geita, 30 Septemba 2024

Shangazi, shikamoo.

Doto anabaki. Bodi ilikutana Ijumaa. Darasa zima limepewa adhabu ya kupaka chokaa madarasa ya upande wa barabarani, na Doto ameondolewa ukiranja wa usafi, cheo ambacho, kwa kadiri ninavyojua, hakuwahi kukifanyia kazi. Aliposikia, alisema "Asante, mwalimu" kwa utulivu, akatoka nje, na kutoka dirishani nilimwona akikimbia uwanja mzima bila sababu yoyote.

Nilimwambia Mwalimu Herman kabla ya kikao. Sikuweza kuacha. Nilimweleza juu ya salamu. Alivua miwani akasema, "Shangazi yako ameandika kwa uangalifu mno. Nami nimeandika taarifa nyingi za namna hiyo, ninazitambua." Kisha akaniuliza kama barua waliziandika wenyewe. Nikasema ndiyo. Akauliza kama ni nzuri. Nikasema ndiyo, nyingi. "Basi bodi itapewa hayo mawili," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Nilimwita Doto. "Mligawana mada?"

"Tuligawana viwanja, mwalimu. Kila mtu akachimba cha kwake." Alinitazama kwa mashaka. "Si ulisema tusifanane? Bila kugawana tungejuaje kwamba hatufanani?"

 Nikamkumbusha kwamba katika mtihani wa taifa kila mtu atakaa na dawati lake, na msimamizi atapita katikati.

"Tunajua. Tutagawana kabla ya kuingia. Ndani tutatulia kama picha ya harusi." Swaleh, ambaye alikuwa akisikiliza mlangoni, akasema yeye atakuwa bwana harusi, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nina furaha, Shangazi. Naandika neno hilo kwa tahadhari. Kulikuwa na rashi ya dhahabu wiki iliyopita, watu wakikimbilia mshipa mpya ng'ambo ya kilima, na madarasa mengine yalipungua nusu. Langu halikupungua. Nadhani ni kwa sababu ya mgao wao: anayekosa kuja kuchimba hana kiroba. Majibu yako yamewafikia, na wameyasoma kwa zamu mpaka karatasi zimelegea kwenye mikunjo, ingawa kila moja ilikuwa na jina la mtu mmoja juu yake. Nilikuwa na barua ya kuomba uhamisho wa kurudi Shinyanga, niliyoiandika mwezi wa pili. Sitaituma.

Lakini swali langu halijajibiwa, na nitakuwa mwongo nikikuaga kana kwamba limejibiwa. Kwa muda nilielekea kuamini kwamba nilikosea chuoni, kwamba watoto hawa wanajua namna ya kusimama ambayo mimi sikufundishwa. Kisha nikamfikiria Mwaisha, yule wa cherehani. Penye bomba la maji huwa hasimulii. Tangu niwafahamu, sijaona kitu kilichotoka kwake kwanza. Hupokea fungu lake na kulitunza vizuri. Barua yake kwako imeandikwa kwa mkono wake, hilo sina shaka. Ila sijui kama cherehani ile ni yake, au ni kiwanja alichopewa kikiwa kimekwisha kuchimbwa na mwingine, aliyemsimulia kila kitu hadi sauti ya sindano. Mgao unamsitiri. Yawezekana chini ya sitara hiyo kuna msichana anayekua taratibu kwa sababu hakuna anayemkodolea macho. Yawezekana pia yuko mtoto ambaye hajui kuandika bila wenzake, na mwakani atakaa mbele ya karatasi tupu, nami nitakuwa nimeshiriki kumfikisha hapo kwa kuona raha.

Njia ya kujua ninayo. Ningemwita ofisini kesho, nimpe kalamu na mada asiyoitarajia, nifunge mlango. Ningepata jibu kabla ya kengele ya chai. Lakini wenzake wangejua kwamba mmoja wao amepimwa peke yake, naye angejua kwamba wamejua, na sidhani kama baada ya hapo angekuja tena kupanga foleni ya mafungu, au hata kuja shule. Kipimo chenyewe kingeharibu ninachotaka kukipima.

Kwa hiyo kesho sitamwita. Labda muhula ujao. Kama huu ni upole kwake au ni woga wangu tu, hilo nalo sijui, maana kutoka hapa nilipokaa vyote viwili vina sura moja.

Mwanao,
Asteria